Saa Isiyo na Mshale wa Sekunde

Butembo, Jumapili, baada ya misa ya pili

Kahindo mwanangu,

Bado nina hasira, na sitaificha ili barua ipate kupendeza. Umekwenda kuaga kwa shangazi yako, baba yako yuko uani anafunga godoro lako kwa kamba, na mimi nimejifungia chumbani na daftari la zamani la zamu, maana ndilo lililobaki na karatasi safi humu ndani. Kesho asubuhi unakwenda Kamango kuanza kazi yako ya kwanza ya uuguzi. Mama mwingine angekuandikia habari za chandarua, maji ya kuchemsha na wanaume wa kuwaepuka. Hayo nimekuambia tangu unavaa sare ya shule ya msingi, na kama hukuyasikia, basi. Mimi nataka tuzungumze juu ya saa uliyovaa mkononi.

Jana kwa fundi nilikugeuzia mgongo nikashika njia, nikakuacha umesimama mbele ya watu. Unadhani nilikasirika kwa sababu ulinijibu. Ulinijibu vibaya, ndiyo, na hilo tutalimaliza siku nyingine. Lakini silo lililonitoa pale. Nitakueleza lililonitoa, na ukiisha kusoma huenda wewe ndiye utakayenigeuzia mgongo. Nimelifikiria hilo pia.

Tuanze na jana. Papa Muhindo fundi wa saa ninamfahamu tangu kabla hujazaliwa. Tulikwenda kwake kwa sababu nilitaka uondoke na saa ya kazi. Wewe ulikwisha kuiona yako kabla hatujamaliza kusalimiana: nyembamba, ya rangi ya dhahabu inayoelekea wekundu, uso mweusi mtupu, hakuna namba hata moja, mishale miwili myembamba, na mkanda wa vyuma vilivyosukwa. Nakubali ni nzuri. Mkono wako ni mrefu, ngozi yako inaipokea rangi ile, na ulipoigeuza kwenye mwanga hata mimi niliitamani. Nilikasirika tangu pale, kwa sababu niliitamani.

Papa Muhindo akaifungua mgongo, akaweka kioo chake jichoni, akanionyesha.

"Mama, angalia. Inje iko muzuri, mais ndani njo hivi. Mashine kadogo sawa kifungo ya shemizi, bameizungushia plastique juu isicheze. Haiko mubaya. Itatembea. Mais haiko na mushale ya secondes, na huyu mutoto ni infirmière."

Nikamwambia atupe ile nyingine, ya chuma, ya kutia ufunguo, ile nzito iliyokuwa kwenye kitambaa cha kijani. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Akacheka.

"Ile ni kitu ya heshima, mama, mais inapoteza dakika, na yeye atasahau kuizungusha. Hii ya pile, ya kawaida, inashinda ile kwa kusema kweli."

Akakuwekea mbele saa ya tatu, ya betri, kasha la chuma, uso mweupe, namba zote kumi na mbili, mshale mwekundu wa sekunde unaoruka hatua kwa hatua. Hukuigusa. Ukasema, "Mama, saa ni bijou, ya kujipamba. Nikitaka kujua saa, niko na téléphone. Na kule ku centre, bahakose saa ya ku mur." Mimi nikafungua mdomo nikuonye, ukanitangulia: "Na weye, ku photo ya mariage, si ulivaa ya zahabu, kadogo, haina hata chiffre? Njo minapenda sawa ile."

Hapo ndipo nilipoondoka. Na wewe jioni ukarudi na ile nyembamba mkononi, ukapakua bugali kwa mkono ule ule. Leo kanisani ulipoinua mkono kutengeneza kitambaa cha kichwa, wasichana wa kwaya waligeuka kuiangalia. Niliona. Nilisimama kwa Baba Yetu nimekunja ngumi.

Kwanza nimalize yale madogo, halafu nitafika kwenye picha.

Simu. Unakwenda Kamango, Kahindo, siyo Kinshasa. Utapita Kasindi, utaingia Uganda, utarudi Congo kwa upande mwingine, na hata ukifika utakuwa umekaa mlangoni mwa Uganda. Wenzetu kule wako saa moja mbele yetu. Simu yako itakamata mtandao wao wakati wowote upepo ukitaka, na itaruka saa nzima mbele bila kukuomba ruhusa, halafu kesho yake itarudi nyuma. Nilikwenda kule mara moja kwa kampeni ya chanjo. Asubuhi ya kwanza nusu ya timu tulikuwa kwenye gari tunapiga honi, tunawatukana wenzetu wavivu, na wenzetu walikuwa bado wanaoga, wanashangaa sisi tuna wazimu gani. Simu zao zilikuwa Congo, zetu zilikuwa zimekwisha kuvuka mpaka. Tulicheka siku nzima. Lakini chanjo inaweza kungoja saa moja. Mtoto aliyepewa dawa saa sita na anayetakiwa kupewa tena saa kumi na mbili hangoji ubishi wa simu mbili.

Saa ya ukutani. Nani amekuambia ipo? Nimefanya kazi katika vituo vitano, na kituo kimoja tu ndicho nilichokuta saa ya ukutani inatembea. Mahali pengine ilikuwapo, imesimama saa nne kasoro kumi, na hakuna mtu aliyekuwa tayari kupanda kiti kubadilisha betri. Wanakupa vitanda, wanakupa daftari kubwa zenye mistari ya kuandika saa ya kila dawa, wanakuja wakubwa na magari yao kukagua kama umeandika saa, na hakuna hata mmoja anayeuliza hiyo saa umeitoa wapi. Hasira hii nimeibeba miaka yote, na ningali nayo.

Na watengenezaji. Ningependa nimpate huyo aliyeamua kwamba saa ya mwanaume iwe na sekunde, iwe na tarehe, izame majini isife, na saa ya mwanamke iwe ya kung'aa tu. Waliuliza nani? Nani anayehesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa wa nchi hii, nani anayehesabu uchungu wa mzazi unakuja kila baada ya dakika ngapi? Ni wanawake. Nenda kwenye meza yoyote ya saa sokoni hapa au Beni uangalie. Za kuhesabia wameweka upande wa wanaume, nao wanaume wanazivaa kuonyesha kwamba wamefika Dubai.

Sasa picha.

Ile saa ya dhahabu unayoiona kwenye picha ya arusi aliniletea baba yako kutoka Kampala. Ilikuwa ndogo, upana wa kucha ya kidole gumba, ya kutia ufunguo kila asubuhi. Na usije ukasema mama yako alivaa takataka. Mashine yake ilikuwa nzuri kweli kweli. Papa Muhindo aliifungua mara moja tu, akaniita niangalie kwa kioo chake, nikaona magurudumu madogo yanapumua, na vijiwe vyekundu. Haikupoteza dakika. Nililala nayo sikioni. Ilikuwa nzuri nje na ndani, na bado haikufaa kwa kazi yangu, kwa sababu haikuwa na mshale wa sekunde, na mahali pa namba palikuwa na vistari vinne tu. Jana mimi na wewe tulipigania uzuri na mashine mpaka watu wakasimama kutusikiliza, na fundi peke yake ndiye aliyekumbuka kuuliza saa inakwenda kufanya kazi gani.

Nilikuambia askari waliichukua kwenye kizuizi cha barabara. Baba yako pia nilimwambia hivyo, na mpaka leo akipita pale huwa anatema mate. Askari hawakuichukua. Iko chini ya choo cha nyumba tuliyopanga Beni. Niliitupa mwenyewe, mchana, nikasikia inafika.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, katika kituo kimoja cha Beni, wodi ya watoto. Muuguzi mkuu, mama mmoja mkali, alitukataza kuvaa saa zisizo na sekunde. Nilimwona mshamba mwenye wivu. Nilipotaka sekunde nilimwazima mwenzangu yake, ile kubwa ya mpira, mbaya sana, halafu namrudishia.

Jumamosi moja mchana mwenzangu alikuwa amekwenda kwenye matanga. Nilibaki peke yangu na vitanda kumi na viwili. Ndipo alipofika mwanamke kutoka Mutwanga kwa moto, pikipiki ya abiria, mtoto mgongoni, mvulana wa miaka miwili hivi, anaitwa Kambale. Malaria kali. Daktari akaandika kwinini ndani ya maji ya sukari, ipite polepole kwa muda wa saa nne nzima, matone fulani kwa dakika. Wewe umesoma, unajua kwinini ikikimbia inafanya nini kwa moyo wa mtoto na kwa sukari yake. Mimi pia nilikuwa nimesoma.

Nikaupata mshipa, nikafunga chupa ya serumu. Ikabaki kuhesabu matone. Nikaangalia saa yangu nzuri. Ilinipa saa na robo yake, haikunipa dakika ya kuhesabia.

Hapo nilifanya kitu ambacho masista wa zamani waliwafundisha wauguzi wa kwetu, nao wakatufundisha sisi kwa siri: kuhesabu kwa Salamu Maria. Ukiisali kwa utulivu, nne zinajaza dakika. Midomo inasali, vidole vinahesabu matone. Wazee wetu walifanya kazi hivyo miaka mingi na hakuna aliyewacheka. Lakini wao walikuwa wanasali. Mimi barazani nilikuwa na marafiki wawili waliotoka arusini, na mmoja alikwisha kuniita dirishani: "Béatrice, kuya utuonyeshe montre bwana alikuleteaka."

Nikasali haraka. Ni hivyo tu, Kahindo. Salamu Maria zangu nne zilikwisha kabla ya dakika kwisha, kwa hiyo matone niliyoyahesabu yalikuwa machache, na mimi nikaona serumu inakwenda polepole mno, nikafungua zaidi. Nikasali tena, haraka tena, nikafungua tena kidogo. Nikaridhika. Nikamwambia yule mama, "Muangalie, mimi naja," nikatoka barazani.

Sikukaa sana. Nilijiambia hivyo kwa miaka: sikukaa sana. Niligeuza mkono, wakaiweka sikioni mmoja baada ya mwingine, tukacheka, nikapita kitanda cha tatu kumpa mtoto mwingine dawa, nikabadilisha shuka. Niliporudi kwa Kambale chupa ilikuwa karibu tupu, na jua lilikuwa bado liko juu. Ilitakiwa imfikishe jioni. Nilifunga ule mrija. Mtoto alikuwa wa baridi, ana jasho. Mama yake alikuwa ameshika mguu wake, ananitabasamia, kwa sababu alidhani usingizi umekuja. Akatetemeka mara mbili. Nilimwita daktari, tulimtia sukari, tulimsukuma kifua. Hakurudi.

Halafu nikakaa kwenye meza na nikaandika. Unajua niliandika nini? Niliandika matone yale yale aliyoagiza daktari. Niliandika saa ya kuanza ambayo ingefanya chupa ile iwe tupu kwa haki. Niliiangalia ile saa ya dhahabu ili nijue niandike uongo gani. Kwa kazi hiyo ilinifaa sana.

Daktari, ambaye hakukumbuka aliagiza dawa saa ngapi, akasoma karatasi yangu, akatikisa kichwa, akasema mbele ya yule mama, "Banaleta batoto wakati imekwisha chelewa. Kila siku ni vile." Mwanamke akainamisha kichwa. Alikuwa ameanza na dawa ya majani ya mama mkwe wake siku mbili kabla hajatafuta moto. Nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa na mdomo.

Usiniambie huenda mtoto angekufa hata hivyo. Nimelitumia neno huenda kila siku tangu wakati ule, asubuhi na jioni, na halinisaidii tena. Usiniambie nilikuwa kijana, nilikuwa peke yangu, vita, mishahara. Yote ni kweli na hayaniondoi pale mezani. Wala usinifariji kwamba kosa ni la saa. Saa haikuvaa mkono, mkono ndio ulioivaa saa, baada ya kukatazwa.

Huyo mwanamke ni mama Katungu. Ndiyo, ni yeye unayemjua, anayetuletea ndizi na kahawa kutoka Mutwanga, aliyekufundisha kusuka vikapu likizo ile. Baada ya matanga ya mwanawe alirudi kituoni na kuku mweupe. Akanitafuta wodini. "Mama Béatrice, wasingya, aksanti. Ulimuchunga mutoto wangu mpaka mwisho. Mi njo nilichelewa." Nikapokea kuku kwa mikono miwili, unavyotakiwa kupokea. Tulimla. Baba yako alisifu mchuzi.

Alipozaa tena, msichana, akampa jina langu la ubatizo. Béatrice mdogo, rafiki yako. Akaniomba niwe mama yake wa ubatizo, na mimi nikaenda, nimevaa kitenge kipya, nikasimama mbele ya padri na mshumaa mkononi. Akaniuliza kama ninamkataa shetani na kazi zake zote. Nikajibu ndiyo, kwa sauti, mara tatu. Ukitaka kujua hasira yangu inaelekea kwa nani zaidi, ni kwa mwanamke yule mwenye mshumaa. Wewe jana ulipata makombo tu.

Baada ya hapo nilijiadhibu kijinga. Nilimwomba mfanyabiashara mmoja aniletee saa kubwa ya kiume, nzito, ile inayojijaza yenyewe mkono ukitembea. Nilidhani uzito ni ukweli. Watu walinicheka, nikafurahi kuchekwa, nikaona ndiyo malipo yangu. Sikuwahi kuipeleka kusafishwa. Mafuta yake yalikauka ndani na ikawa inachelewa dakika kadhaa kila siku, nami sijui, ninaandika saa za dawa kwa kujiamini kabisa. Siku moja ilimkwaruza sikio mtoto mchanga nikimwosha. Papa Muhindo alipoifungua alinitazama juu ya miwani. "Mama, nani alikuambia montre ya mubaya haisemake bongo, haidanganyake watu?" Aliniuzia saa ya betri ya kawaida, yenye uso mweupe, na mpaka leo ndiyo ninayovaa. Ukiiangalia vizuri si mbaya. Ina mkanda wa ngozi niliouchagua mwenyewe, nao nimeubadilisha mara nyingi, kila mara rangi ninayoipenda. Kwa sababu saa usiyoipenda utaiacha nyumbani siku moja ya haraka, na siku hiyo ndiyo utakayoihitaji.

Kwa hiyo sikukatazi uzuri. Hilo nilitaka ulielewe kabla hujanijibu kwa kichwa chako. Vaa iliyo nzuri. Chagua rangi, chagua mkanda, ikae vizuri kwenye mkono wako mrefu, wagonjwa nao wanapenda muuguzi aliyejitengeneza. Lakini kwanza iwe na mshale wa sekunde unaouona hata umechoka, na namba unazozisoma kwenye mwanga wa mshumaa. Betri ibadilishwe kabla haijafa. Iwe ya saa ya Congo, na ibaki ya saa ya Congo, hata simu yako ikiapa vingine. Unaponawa mikono ivue, ibanie kifuani. Na ukiwa huna saa, hata siku moja, sema huna. Mwite mtu, azima ya mlinzi, simamisha serumu, ngoja. Aibu ya kungoja inapita jioni ile ile.

Nimempitia Papa Muhindo baada ya misa. Hafungui Jumapili, nilimkuta nyumbani kwake. Gari lako linapakia karibu na duka lake na yeye kesho atafungua mapema. Ile ya uso mweupe ameiweka kando. Sikuichukua, kwa makusudi. Nikikuvalisha mimi utaivua Kasindi. Na ukienda Kamango na ile nyembamba, sitakufuata na kelele. Lakini hutaweza kusema hukujua, na mimi nitakuwa nimelala usiku wa kwanza nikiwa nimekuambia.

Ninajua utakavyonitazama ukirudi kutoka kwa shangazi na kukuta barua hii juu ya blouse yako nyeupe ya kazi. Umekua ukisikia watu wa Beni wananiita mama wa batoto. Ulichagua kazi hii kwa ajili yangu, uliniambia mwenyewe siku ya matokeo, na mimi nikapika, nikaalika majirani, nikanyamaza. Kama una hasira, kuwa nayo. Njoo ugonge mlango useme. Kama huwezi kusema, tutaagana kesho kama wageni na nitastahimili. Ila usiende ukaniombea kimya kimya, sitaki huruma yako.

Baba yako hajui lolote. Nitamwambia kesho, gari likishaondoka. Nitaanza na kile choo cha Beni, ataelewa yaliyobaki.

Jumanne nitakwenda Mutwanga, kwa mama Katungu. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe ni mwanangu na unanipenda, kwa hiyo kukuambia wewe kulikuwa rahisi kuliko kumwambia yeye, na kwa sababu sasa kuna mtu anayejua, siwezi tena kuamka Jumanne na kusema njia ni mbaya. Sijui atanifanya nini. Anaweza kunifukuza, anaweza kuwaita ndugu zake, anaweza kumwambia binti yake aache kuitwa kwa jina langu, na atakuwa na haki. Sina cha kumpa. Niliwaza kumpelekea kitu, nikaona aibu.

Nitakaa chini mbele yake, nitashika mikono yake kama ataniachia, na nitamwambia lile alilopaswa kuambiwa siku ile ile akiwa bado ameshika mguu wa mwanawe: Katungu, wewe hukuchelewa. Ulimleta kwa wakati.

Mama yako